Roda na kibao cha ukungu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umeilalia barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma, na hata ng'ombe akisimama katikati humwoni. Roda Mbonile anafungua kufuli na kukigeuza kibao cha chuma kilichoandikwa 50. Upande wa pili kimeandikwa 30. Anafunga tena, anajitanda khanga ya pili na kutega sikio.

Juu ya mteremko lori linanguruma. Chini, watoto wa shule wanangoja kuvuka, na binti yake Tabita yumo.

Mkulima huyu wa mahindi wilayani Mbozi alipewa kibarua hiki na wasimamizi wa barabara Aprili mwaka huu, 2014, kwa majaribio. Ukungu ukishuka, mwendo unaoruhusiwa unapunguzwa, ukiondoka, unarudishwa. Mwaka jana mumewe, Asajile, aligongwa na gari hapa hapa. Alipona, lakini mguu haukurudi sawasawa.

"Nilikuwa nikisikia breki tu, nageuka kutazama nani kagongwa," anasema Roda.

Woga huohuo ndio uliomponza. Wiki za mwanzo hakukirudisha kibao kwenye hamsini. Jua liwake lisiwake, thelathini ilibaki pale pale, kwa kuwa aliona mwendo wa taratibu hauui mtu. Madereva walitii siku chache, kisha wakawa wanakipita kama kisiki.

Aliyesimama kumwambia ukweli ni Salum Uledi, dereva wa lori anayeishi Chapwa, Tunduma. Alimkumbusha matawi ambayo madereva huyatandaza barabarani gari likiharibika, halafu likitengamaa wanaondoka na kuyaacha.

"Mama, tukikuta matawi hayana gari mbele, kesho hatuyajali," alimwambia. "Na kibao chako sasa kimekuwa hivyo hivyo."

Maneno yalimchoma, lakini ukweli ni ukweli. Tangu siku ile ukungu ukiinuka anakigeuza, hata mkono ukiwa mzito.

Asubuhi hii ngurumo inapungua. Taa mbili zinachomoza kwenye weupe, zinakuja polepole, zinasimama kabla ya kivuko. Watoto wanavuka wakitaniana, Tabita wa mwisho, viatu mkononi kuvikinga na umande. Roda anashusha pumzi, kisha anacheka peke yake.

Sasa anaomba kibao cha pili upande wa Tunduma. Malori ya huko hupanda kwa kusota, lakini mabasi hayasoti. Asajile ameshajitolea kukilinda. Anasema kazi ya kukaa na kutazama anga haidai miguu miwili.

Saa tatu jua linatoka. Roda anakirudisha kibao kwenye hamsini.

"Nikiwaambia hamsini kukiwa kweupe, wataniamini nikiwaambia thelathini," anasema.

Anatia ufunguo kwenye pindo la khanga na kwenda kuvuna mahindi. Zamani alikuwa akigeuka nyuma kila gari lilipopita. Leo hageuki.