Karanga za Maonyesho ya Vyungu

Juzi kijiji chetu cha ujamaa kilionyesha vyungu, ili kilicho bora kichaguliwe kipelekwe Musoma. Mimi niliwekwa mlangoni. Mwenyekiti alinipa kapu la karanga, akasema, "Kila mgeni mpe moja. Hizi ni za kula." Huku Mugeta r na l tunazichanganyaga, hata mimi, kwa hiyo simlaumu.

Wageni wakawa wanatumbukiza karanga zao vyunguni. Nikadhani wameshiba. Cha Mama Nyabise kilijaa kuliko vyote, nami nilikuwa na njaa.

Jioni mwenyekiti alikiinua. "Kura za huyu mama ziko wapi?"

Ndipo nikaelewa, mdomo umejaa.

Mama Nyabise alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mpandisheni mezani, mwenyekiti. Tumhesabu yeye."