Upande wa Nyuma wa Kibao

Fundi Ngazi ameandika vibao vya mitaa vya halmashauri ya jiji kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo amepotea njia mara moja tu: siku aliyofuata kibao alichokiandika mwenyewe.

Kazi anaifanyia katika chumba kilicho nyuma ya gereji ya halmashauri. Kuna dirisha moja, meza iliyoganda rangi hadi haijulikani ni ya mbao gani, na kiti ambacho yeye peke yake anajua mguu gani hauaminiki. Bati huletwa likiwa tupu. Hulisugua kwa msasa, akalipaka rangi ya kwanza, kisha akaligeuza na kufanya jambo ambalo halimo kwenye kanuni yoyote: anajaribia brashi nyuma. Nyuma ya kibao ndiyo daftari la mchoraji. Mkono ukishatulia, anazifunika chorachora zake kwa rangi ya kijivu, halafu anarudi mbele kuandika jina la mheshimiwa. Mwaka mmoja aliisahau ile kijivu. Barabara ya meya mstaafu ikakaa wiki tatu na mbuzi aliyevaa miwani, na Ngazi akapata barua ya onyo. Anaitunza pamoja na picha ya harusi yake.

Hilo jina la Ngazi alipewa na askari.

Kwenye njia panda ya sokoni, ambako taa za kuongozea magari zilikufa zamani bila hata kuagwa, palikuwa na konstebo wa usalama barabarani. Alisimama pale miaka kumi na tisa. Kila asubuhi fundi alivuka na ngazi begani, na kila alipoitwa na mtu aligeuka mzima mzima, ngazi ikafagia kofia, makapu na heshima za watu.

"Wewe Ngazi!" askari akafoka siku moja. "Geuka polepole na ngazi yako! Utanimalizia raia, nibaki kuongoza kuku!"

"Na wewe Firimbi, pumua kidogo! Hata birika huwa linaepuliwa!"

Kufikia jioni soko zima lilikuwa limeshasahau majina yao mengine.

Kisha ikaja siku ya mvua, lori likakatika breki mteremkoni. Firimbi aliliona kabla ya wote. Mtaro ulikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama. Alibaki katikati, mkono mmoja ukiwafukuza watu, akapuliza mfululizo. Waliokuwapo wanasema kishindo hawakikumbuki vizuri. Wanakumbuka pale firimbi ilipokatika.

Miaka minne baadaye halmashauri ikaamua kuwaenzi askari walioanguka kazini kwa kuwapa mitaa. Kamati ilikaa vikao tisa. Kikao cha kwanza kilijadili chai ya vikao vinavyofuata. Cha tatu kilikwama saa mbili nzima, kwa sababu mjumbe mmoja alimpigania ofisa aliyeteleza bafuni kwake, akisema huyo naye ameanguka, tena simu ya kazi ilikuwa mkononi. Cha tisa kikatoa waraka wa kurasa kumi na moja: upande wa mbele wa kibao uwe na cheo na majina matatu kamili, herufi nyeupe, urefu sentimita kumi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: barabara ya sokoni walimpa mwenyewe.

Jumanne kabla ya uzinduzi, mjane wa Firimbi aliingia kwenye kile chumba. Ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Hicho kiti usikiguse, nakiweka kwa ajili ya wakaguzi."

Alitabasamu kidogo, akabaki wima. Kibao kilikuwa mezani, kimekauka. Akakisoma.

"Ndiye yeye huyu?"

"Ndiye. Nimenakili herufi kwa herufi."

"Hayo majina yote matatu mimi nimeyatamka mara mbili tu maishani. Siku ya ndoa, na siku ya kuchukua cheti cha kifo." Akapitisha kidole ukingoni mwa bati, kama anayetafuta mshono. "Jana nilimwonyesha muuza nyanya orodha ya majina mapya ya mitaa. Amesalimiana na mume wangu kila asubuhi, miaka kumi na tisa. Akaniuliza, huyu ni bosi gani tena wanamletea barabara yetu?"

"Karani wa kamati anasemaje?"

"Anasema jina la utani halina hadhi. Nikamuuliza, hadhi ya nani? Akanipa fomu."

Ngazi akajifanya anatafuta kitambaa.

"Sikuomba sanamu, shemeji. Nataka mtu akipita pale ajue ni yeye. Hawa wakimsahau nitabaki kumkumbuka peke yangu, na mimi peke yangu simtoshi."

Aliaga, akaenda zake. Ngazi alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na kwa taratibu za halmashauri barua ya pili ya onyo humtoa mtu kazini. Aliketi kwenye kile kiti, kwenye upande wake mwema, kwa muda mrefu. Kisha akakigeuza kibao. Nyuma, chini ya kijivu chepesi, bado ilionekana nusu duara, mistari ya kujaribia na kuku mmoja. Akavisugua vyote kwa msasa mpaka bati likang'aa. Akapaka kijivu upya, akaacha kikauke, na asubuhi akapiga mstari wa chaki na kuandika herufi nyeupe, sentimita kumi, neno moja. Safari hii hakujaribia brashi popote.

Siku ya uzinduzi, kibao kilikuwa juu ya nguzo kimefunikwa kitambaa. Wageni waliketi upande wa magari, kwenye viti na kivuli. Soko lilisimama upande wa pili, juani, kama kawaida. Mgeni rasmi alihutubia hadi maua yakalala, kisha akavuta kamba. Wageni waliona cheo na majina matatu, wakapiga makofi ya adabu. Upande wa soko waliuona mgongo wa kibao. Halafu sauti ya muuza nyanya ikapasua:

"Firimbi! Jamani, ni Firimbi!"

Watu wakatia vidole midomoni, wakapuliza. Soko zima likapuliza. Mgeni rasmi akadhani ni yeye anayeshangiliwa, akainuka tena kupunga mkono.

Karani aliizunguka nguzo mbio. "Mzee Ngazi! Hiki ni nini?"

"Kibao, bwana karani."

"Nyuma!"

"Waraka unasema upande wa mbele uwe na majina matatu. Yamo, yahesabu. Kuhusu nyuma waraka umenyamaza, na mimi si mtu wa kubishana na aliyenyamaza."

"Kifute!"

"Hata sasa hivi. Ila ukurasa wa kumi unasema kibao kilichozinduliwa hakibadilishwi mpaka kamati ikae."

Karani alifungua daftari, akaandika "Kosa", nukta mbili, kalamu ikasimama hapo. Yeye ndiye aliyeandika kwa mkono kumbukumbu za vikao vyote tisa, pamoja na zile saa mbili za bafu. Akautazama umati unaopuliza. Akamwona mjane ameshika utepe wake kwa mikono miwili, ameinua uso, midomo ikisoma neno lile lile tena na tena. Akafunga daftari.

"Nimekagua upande wa mbele," akasema. "Uko sawa."

Watu walipopungua, Ngazi aliichukua ngazi yake, akaiweka begani na kuanza kuvuka. Nyuma yake mtu akamwita. Akageuka mzima mzima, kama siku zote, kofia ya karani ikaruka.

"Polepole, shemeji," alisema mjane, akicheka na kufuta macho kwa ncha ya utepe. "Geuka polepole na ngazi yako."