Mabuti Mapya ya Bi Peku

Kwenye kibao kilichosimikwa langoni mwa bwawa palichorwa simba. Chini ya simba yaliandikwa maneno HIFADHI YA SAMAKI NA WANYAMAPORI, na chini ya maneno hayo yakapangwa majina ya wajumbe wote wa kamati, kila mmoja na cheo chake. Simba hajakanyaga pale tangu dunia iumbwe. Mnyamapori mkubwa wa hifadhi ile alikuwa kenge mmoja mnene, mwizi wa mayai ya bata maji, lakini mchoraji alisema kenge hapendezi kwenye kibao, na kamati ikaona ana hoja.

Mwanamke aliyelitunza bwawa hilo hakuandikwa popote. Watu walimwita Bi Peku, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kazi hakuna aliyewahi kumwona na viatu pale kazini. Bwawa lenyewe halikuwa kubwa: tuta la udongo la hatua mia mbili na kitu, limekatiza bonde dogo, na nyuma yake maji ya kuwatosha perege, vyura, korongo wawili watatu na huyo kenge. Marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa wanaume walioushindilia udongo ule kwa miguu yao, akalitunza tuta mpaka alipokufa, na ndiye aliyemfundisha mkewe kazi.

“Jicho linadanganywa na nyasi,” alikuwa akimwambia. “Mguu haudanganyiki.”

Basi kila asubuhi, umande ukishakauka, maana umande nao ni mwongo, Bi Peku alitembea peku chini ya tuta, upande usio na maji, polepole, kama mtu aliyeangusha sindano. Alikuwa akitafuta ubaridi. Maji yanapoanza kupenya kwenye tuta, udongo hupoa kabla haujaonekana kulowa. Akikuta ubaridi anauchimba kidogo aone. Maji yakitoka safi, una muda hata wa kunywa chai. Yakitoka na tope, ujue yanalibeba tuta lenyewe, na hapo chai utainywea mbele ya safari. Yote mawili aliyajua, na mara zote alivuka upande wa pili, akatafuta tundu, mara nyingi la yule kenge, akaliziba kwa udongo wa mfinyanzi na kuukanyaga mpaka magoti yakalalamika.

Kazi kama hiyo ina ubaya wake. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kitu kisichotokea hakipigwi picha.

Nyumba yake ilikuwa papo hapo bondeni, chini ya tuta, vyumba viwili na jiko la nje. Aliishi na mama mkwe, bibi mwenye macho yaliyokwisha na masikio yaliyobaki mazima kupita kiasi. Majirani wote walishahamia juu mlimani, mmoja mmoja. Bibi aligoma.

“Mwanangu alilikanyaga tuta lile, na wewe mkwe wangu unalikanyaga,” alisema. “Siku wewe utakapofunga vyombo, nitajua maji yanakuja. Kabla ya hapo mtu asinisumbue.”

Kisha akaja Mtaalamu. Alikuwa na kofia ya mduara, kalamu tatu mfukoni na shahada ya samaki, na aliletwa kwa sababu Ijumaa ya mwisho wa mwezi mgeni rasmi angekuja kuitazama hifadhi. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa miguu ya Bi Peku.

“Mama, hii ni aibu,” alisema. “Mtumishi hawezi kutembea hivi.” Wiki ile ile Bi Peku akakabidhiwa mabuti ya mpira, meusi, yanayong'aa, ndani ya boksi, akasaini. Alishukuru kwa mabuti, akayapeleka nyumbani, akayaweka juu ya kabati. Na yeye si mtu wa kukosa adabu. Ni kwamba kupima ubaridi ukiwa umevaa mpira ni sawa na kuonja mchuzi ukiwa umefunga mdomo.

Jambo la pili aliloliona Mtaalamu lilikuwa mfereji wa pembeni. Kila bwawa la udongo lina mfereji kama huo, wa kupunguzia maji yakizidi, ili yasipande juu ya tuta na kulila. Mtaalamu aliutazama akaona kitu kingine kabisa: mlango ambao samaki wanautumia kutoroka. Akaagiza wavu wa waya wenye matundu madogo, ukakazwa kwenye mfereji kutoka ukingo hadi ukingo. Kamati ilimpigia makofi. Mwenyekiti alisimama akasema kwa hisia kubwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

“Mwenyekiti, huo si ufa,” alisema Bi Peku. “Hiyo ndiyo njia ya maji. Magugu yakinasa hapo, maji yatapita wapi?”

“Mama, mimi nimesomea,” alijibu Mtaalamu, kwa upole ule wanaotumia watu waliosomea.

Mvua ilinyesha Jumapili, ikanyesha Jumatatu, na Jumanne asubuhi ilikuwa bado haijachoka. Wavu ulikuwa umenasa magugu, majani, matawi na ndala moja, umekuwa ukuta kweli kweli kama Mwenyekiti alivyotabiri. Bi Peku alipima kwa mkono. Vidole vinne vilibaki maji yafike juu ya tuta. Akaenda mbio ofisini, tope mpaka magotini, na akaombwa kwanza ajifute miguu.

“Hilo ni suala la kitaalamu,” alisema Mwenyekiti alipomsikiliza. “Na Mtaalamu amesafiri. Kamati inakaa Alhamisi, tutalijadili.”

“Mwenyekiti, leo Jumanne. Vidole vinne!”

“Keshokutwa tu, dada yangu. Haraka ya nini?”

Aliporudi vilikuwa vidole viwili. Moshi wa jiko lake ulionekana kule chini, maana bibi alikuwa akichemsha maji ya chai, hana habari. Bi Peku alishikwa na hofu, na baada ya hofu hasira, na hasira ndiyo iliyomsaidia. Alichukua koleo la marehemu, akajifunga kibwebwe, akashuka mferejini, maji kiunoni, akaanza kukata waya mmoja baada ya mwingine. Wavu ulipoachia ulimwangusha na kumburuta mpaka kwenye mawe. Perege walimpita ubavuni mamia kwa mamia, wakaenda zao bondeni, wakapokelewa mashambani na watu wenye ndoo walioisifu kamati kwa ukarimu wake. Jioni maji yalikuwa yameshuka dhiraa nzima. Bi Peku alirudi nyumbani akichechemea, akamwambia mama mkwe ameteleza.

Ijumaa mgeni rasmi alionyeshwa maji. Aliuliza samaki wako wapi, Mtaalamu akasema wamepumzika. Aliuliza simba yuko wapi, wajumbe wakageuka kukitazama kibao. Ndipo yule kenge, asiyejua itifaki, akatoka majanini na perege wa mwisho mdomoni.

Jumatatu Bi Peku aliitwa mbele ya kamati. Makosa yalikuwa mawili: kuharibu wavu na kutorosha samaki.

“Tuta lingekwenda,” alisema. “Lingekwenda lote, na nyumba yangu, na mama mkwe ndani.”

“Lakini halikwenda,” alisema Mtaalamu, na kuwageukia wajumbe. “Wote mmeliona. Tuta liko pale pale. Hatari ilikuwa wapi?”

Wajumbe walitazamana, wakaona kweli, tuta liko pale pale. Hoja ya namna hiyo utaijibuje?

Aliambiwa arudishe mali ya ofisi. Mali yenyewe ilikuwa lile boksi, na alikuwa amelileta. Mwenyekiti alilifungua mwenyewe, akatoa buti moja, akaligeuza. Soli ilikuwa safi, haina hata chembe ya vumbi. Akalipitisha mezani, kila mjumbe akalishika, akatikisa kichwa.

“Mabuti ya kazi,” alisema Mwenyekiti kwa uchungu, “na hayajawahi kukanyaga kazi. Andika hilo, katibu. Mama huyu hajatembea kwenye tuta hata siku moja.”

Kazi akapewa shemeji yake Mwenyekiti, na mabuti juu yake. Yalimtosha barabara.

Bi Peku alirudi nyumbani kwa njia yake ya siku zote, chini ya tuta. Hakuwa na sababu tena, ila miguu haikuwa imepata barua. Alipofika sawa na tundu la kenge, unyayo wa kushoto ulipoa. Alisimama. Akausogeza hapa na pale. Ubaridi ulikuwa na upana wa sinia. Akachimba kwa kisigino, na maji yakaja kwenye shimo, mekundu, mazito kwa tope.

“Shemeji!” aliita. Yule bwana alikuwa juu ya tuta, mikono nyuma, mabuti yanameremeta. “Shuka, vua hayo mabuti, uguse hapa!”

“Nimekatazwa kuyavua, Bi Peku. Ndiyo sare.”

“Basi niletee mfinyanzi nizibe mwenyewe!”

“Na tafadhali usiguse tuta, wewe si mfanyakazi tena. Kama una jambo, kamati inakaa Alhamisi.” Akampungia mkono kwa heshima, akaendelea na doria yake.

Bi Peku alifika nyumbani, akaingia ndani moja kwa moja. Alianza na masufuria, akaingiza dogo ndani ya kubwa, kisha sahani, kisha vikombe viwili vya chai, akatandika shuka sakafuni ili afunge kila kitu pamoja. Ndani ya chumba mama mkwe alikuwa akiimba kidogo kidogo. Aliposikia sufuria la pili likigonga la kwanza, alinyamaza.

Alishusha miguu kitandani, akanyoosha mkono gizani mwake.

“Nipe fimbo yangu,” alisema.