Mtu wa Kaseti Aliyenionjesha Muziki wa Mapipa

Yule mtu wa kaseti wa soko la Kibuye amekufa. Siandiki "ametutoka", maana hilo humfanya mtu aonekane kama ameruka ukuta. Alikufa Jumatano nyumbani kwake Nyamasaria, mzee, kitandani mwake, watoto wakiwa karibu. Habari ilinikuta Dunga, kando ya ziwa, nikiwa na ngege mzima wa kukaanga mbele yangu, na nilimaliza kula kwanza, kwa sababu marehemu angeniona mjinga kuacha samaki apoe kwa ajili yake. Kisha nikanawa mikono na kuanza kucheka peke yangu, hadi mama mwenye hoteli akaniuliza, "Mzee, si umesema umefiwa?" Nikamwambia ndiyo, nimefiwa, leta chai nikueleze. Sasa nawaeleza na nyinyi.

Shule mimi niliiacha darasa la tatu, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sioni haya. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na kibanda changu cha jua kali, natengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Yeye alikuwa jirani. Alitoka Nyeri akiwa kijana, na Kijaluo chake kilichekesha lakini kilieleweka. Kazi yake ilikuwa kurekodi: unampelekea kaseti tupu, anakujazia benga, rumba au kwaya. Hizo ndizo zilizomlisha. Lakini chini ya meza alikuwa na boksi aliloachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, aliyefundisha upande wa Ahero na kuzidiwa na mizigo wakati wa kurudi kwao. Ndani mlikuwa na kaseti za mseto, bendi nyingi, kila bendi wimbo mmoja, zote za chini kwa chini ambazo hata redio za huko kwao hazikuzipiga. Upande wa kwanza ni muziki wa viwandani. Upande wa pili ni wa hao wanaoitwa gothi, vijana waliovaa nyeusi juu ya nyeusi, hata wanaume wamepaka wanja, wamepigwa picha makaburini wakiwa wamenuna kama watu walionyimwa chakula cha matanga.

Siku ya kwanza aliponiwekea nilimwambia, "Bwana, mashine yako inakula kaseti."

"Haili. Ndivyo walivyopiga."

"Huyo si mpiga muziki. Huyo ni mtu anagonga pipa."

"Wewe sikiliza tu, omera, ndugu yangu."

Nikasikiliza. Na kweli lilikuwa pipa, tena tupu, na nyuma yake bati linakatwa, na kitu kama mashine ya kusaga mahindi kinaenda tu, hakichoki. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia nipunguze kelele, kumbe kuna mahali duniani watu hulipa kiingilio wasikie kelele ileile. Nilirudi kibandani nikaligonga sanduku la mteja kwa furaha hadi likapinda, ikabidi nilitengeneze upya.

Basi tukawa wagonjwa, watu wazima wawili wenye wake na watoto. Majina ya bendi yalinishinda kusoma, nikazibatiza mwenyewe: Wale wa Posho Mili, Mama wa Makaburini, Mzee wa Kifua. Yeye akayaandika majina yangu kwenye kaseti bila kubisha. Nyuma ya jalada moja aliona anwani, akaandika barua, na baada ya miezi mingi ikaja bahasha nene yenye mseto mwingine. Nadhani jamaa wa kule walishangaa kwamba mtu wa kando ya ziwa anawasikiliza. Siku hiyo tulifunga kazi saa nne asubuhi, tukacheza kati ya mabati kama ndama waliofunguliwa, na mke wangu aliyeleta uji akauweka chini na kwenda zake.

Uzuri wa mseto ni kwamba hukuuchagua. Unangoja wimbo wa tatu unaoupenda, na njiani lazima upite kwa ule wa pili unaokuudhi, na baada ya wiki ule wa pili ndio unaouimba ukioga. Leo simu ya mjukuu wangu inajua anachopenda, inampa hichohicho asubuhi hadi jioni. Analishwa ugali kwa ugali, halafu anasema ameshiba.

Sasa nije kwenye siku ninayoicheka. Miaka ya tisini ilipoanza, uvumi wa waabudu shetani ulienea kila mahali. Mwenye ploti yetu, mzee wa kanisa, aliziona zile picha za makaburini kwenye majalada ya kaseti dukani, akampa jirani yangu hadi mwisho wa mwezi ahame. Kuhama kungemmaliza. Wateja wake wote walikuwa pale, watoto wake walikuwa shuleni, na kwao Nyeri hakuwa na shamba la kurudia. Nikamwomba mzee aje asikie kwanza. Akakubali, akaja na shemasi wake, tukawaketisha kibandani kwangu juu ya masanduku. Jirani alisimama mlangoni na jalada mkononi. Nikaweka kaseti kwenye redio ya betri.

Papo hapo kelele zikalipuka, chuma kwa chuma. Mzee akafumba macho, akainua mkono.

"Zima. Zima sasa hivi. Hiyo ni jehanamu yenyewe."

"Mzee, bado sijabonyeza."

"Unasema nini?"

"Hao ni vijana wa kibanda cha nyuma, wapangaji wako. Wanakunja mifereji ya paa la kanisa lako."

Shemasi akajifanya anakohoa. Mimi nikabonyeza, lakini upande wa pili, na Mama wa Makaburini akaanza polepole na kinanda chake. Shemasi akavua kofia. Wimbo ulipokwisha, akauliza taratibu, "Hii ni kwaya ya wapi?" Jirani yangu, ambaye hakujua kudanganya, akamwonyesha jalada lenye makaburi na wanja. Mzee alilitazama sana, akamtazama shemasi, kisha akasimama akijipangusa suruali.

"Jumapili usipige," akasema. "Siku nyingine, punguza sauti."

Jirani akakaa ploti ile mpaka kaseti zenyewe zilipokufa sokoni.

Nimeishi kwa nyundo, sikuishi kwa vitabu, kwa hiyo funzo langu ni fupi. Mtu akija kwako anatetemeka kwa hasira kwamba kitu fulani ni cha shetani, muulize kwa heshima zote kama mashine imewashwa.