Siku Thelathini za Mama Mkwe Baharini

Mama mkwe wangu alipotea baharini siku thelathini. Muda wote huo alikuwa jikoni kwake Callao, mji wa bandari huku Peru, akinikaangia samaki.

Msinicheke kwanza.

Mimi ni baharia wa meli ya utafiti. Tunashusha vyombo baharini: bomba refu la njano, linazama kilometa mbili, linapima joto na chumvi, na kila siku ya kumi linaibuka, linatuma taarifa kwa setilaiti, kisha linazama tena. Ndivyo wataalamu wanavyojua bahari inapanga kutufanya nini mwaka huu.

Kwetu, anayelishusha ndiye anayelipa jina. Wenzangu huandika majina ya binti zao. Mimi nikachukua maka peni, nikaandika: DOÑA EDUVIGIS, yaani Bi Eduvigis.

"Mama mkwe wako? Kwa nini yeye?" wakauliza.

"Ananuna kimya siku tisa, ya kumi anaibuka na ripoti kamili."

Meli nzima hoi kwa kicheko. Picha ikafika nyumbani kabla yangu.

Nikajua nimekwisha, maana mimi na mke wangu Yovana tunaishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mama mkwe huyo huyo. Lakini bi mkubwa hakufoka. Aliuliza tu, "Nikitaka kujiona, naangalia wapi?"

Nikamfungulia ramani kwenye simu, pamoja na vipimo vya bomba. Weee! Mwaka mzima alitamba sokoni, kwenye meza yake ya seviche, samaki mbichi wa ndimu: "Jana niliibuka magharibi ya mji wa Chimbote. Huko chini baridi, jamani!"

Halafu bomba likanyamaza. Siku kumi. Ishirini. Thelathini.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo. Akagoma.

"Nimeshazama, Fermín. Wanipasue nini?"

Yovana akanivaa. "Wewe ndiye uliyemzamisha mama yangu. Mwibue!"

Nikamkimbilia injinia wetu. Akatikisa kichwa: betri imekufa, halirudi tena. Nililia njia nzima, na sioni aibu kusema. Yule mama alinipokea nikiwa sina hata godoro.

Nikafika, nikajifuta uso, nikamdanganya.

"Mama, umeibuka! Leo asubuhi. Maji ya juu nyuzi nne."

Akamwambia Yovana afunge begi la hospitali.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku aliyoweza kuketi kitandani, aliniita nisogee.

"Nyuzi nne juu ya maji, mwanangu? Nyuzi nne ziko kilometa moja na zaidi huko chini. Juu hapashuki kumi na tano. Baharia mzima hujui?"

Nikanywea. "Kumbe ulijua nadanganya? Sasa mbona ulikubali kuja?"

"Bomba liliponyamaza, nilidhani uliponiandika kule ulitaka nizame kweli. Ulipokuja na uongo mbovu vile, macho mekundu, nikajua unataka nibaki."

Ndugu zangu mnaowatania wakwe zenu, tanieni tu. Ila lile neno lingine, la kwamba mnawataka wabaki, nalo waambieni mapema, wakiwa wazima. Mimi nililisema kwa kuchelewa, tena kwa uongo, na hata hivyo alilisikia.