Mutoto wa Habarurema, Sina Kitu

"Dada, jitambulishe."

Dada yangu Donatille alisimama katikati ya kibanda cha mbao tulichokijenga juu ya mawe meusi ya volkano, mtaa wa Murara, Goma. "Mutoto wa Habarurema. Natoka Murara. Sina kitu."

Ilikuwa mara ya nane kumfanyisha mazoezi asubuhi ile. Saa nne alitakiwa mtaa wa Himbi, kwenye ofisi ya shirika la misaada lililotafuta mtu wa kuendesha foni, ile redio ya kuzungumza na miji isiyo na simu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka sita kwa mfanyabiashara mmoja wa Birere, hadi Januari 2002, volkano ilipoingia mjini ikala nyumba, foni na barua iliyoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi. Kama angeikosa nafasi hii, tungerudi kwetu Masisi, kwenye vita tulivyokuwa tumevikimbia.

"Sina kitu ya nini?" nikamwuliza. "Kule hakuna bariere."

"Inatoka yenyewe, Jephté."

Nilijua inatoka wapi. Tangu uasi wa kwanza, kila aliyepita kwenye bariere, vile vizuizi vya askari barabarani, alijifunza kujieleza hivyo: jina la baba, mtaa, mikono wazi, macho chini. Ukiongeza neno, unaulizwa kabila. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sheria, na hasira ilinipanda. Nchi gani hii inayowafunza watu wake kujieleza kwa kujifuta? Nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima wa kujitambulisha, wenye maneno kama "uwezo" na "maendeleo". Akausoma kama mtoto anayeungama kwa padri.

"Hii ni hotuba yako," akasema, akanirudishia. "Weye ndiye uende nayo."

Saa tatu ilikuwa imekaribia. Nikachukua mwiko, nikampa. "Hii ni maikrofoni. Ita Walikale."

Akausogeza mdomoni. Mgongo ukanyooka wenyewe. "Walikale, Walikale, hapa Goma. Donatille iko kwenye foni. Unanipata?"

Sauti ilikuwa safi hata Mama Nshobole, jirani yetu, akajibu kutoka nyuma ya mbao: "Tunakupata, mama. Tuma na sombe, mboga imeisha."

Donatille alicheka kidogo, kisha akaanza tena kukunja pindo la kitenge chake.

Nilimsindikiza hadi kwenye geti. Nusu saa niliyosubiri nje niliitumia kusoma kibao cha shirika lile, herufi kwa herufi. Alipotoka, uso wake haukuniambia lolote.

"Niliharibu," akasema. "Walisema jitambulishe, nikasema mutoto wa Habarurema. Hata mikono niliifungua. Wakatazamana."

"Halafu?"

"Halafu nikakunja ngumi, nikaileta mdomoni. Sikupanga, Jephté. Nikasema: Himbi, Himbi, hapa Donatille Mahoro, miaka sita kwenye foni, unanipata? Kijana mmoja akacheka. Lakini kulikuwa na muzee kwenye kona, Papa Birindwa, mukubwa wa foni. Yeye hakucheka. Akasema: nakupata vizuri, endelea."

"Ukaendelea?"

"Mpaka wakanisimamisha. Naanza Jumatatu."

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima nilimweleza kwamba sasa mambo yatabadilika, kwamba raia anayejua kutaja jina lake hawezi kutawaliwa kwa bunduki. Kabla ya Murara kulikuwa na bariere, kamba iliyofungwa kukatiza njia. Askari aliinuka kwenye kiti, bunduki begani, akanielekea mimi kwanza.

"Weye ni nani?"

Macho yangu yakashuka. Mikono ikafunguka. "Mutoto wa Habarurema," nikasikia nikisema. "Natoka Murara. Sina kitu."

Akamgeukia dada. "Na weye?"

"Donatille Mahoro. Nafanya kazi ya foni, Himbi."

Askari alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na nikatamani, Mungu anisamehe, dada angesema hana kitu.

Kisha akashusha kamba.