Programu Ambayo Kyakimwa Hakuiweka

Kyakimwa alikuwa na chumba kimoja cha biashara Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi: kompyuta, mashine ya fotokopi, imprimante ya kuchapishia, na juu ya mlango maneno ya rangi ya buluu, Secrétariat public, yaani ofisi ya kuchapia watu karatasi. Wanafunzi walimletea kazi zao za chuo, wachumba walimletea maneno ya mialiko. Watu wa kwao, Wanande waliotoka Butembo na Goma kuja kufanya biashara Katanga, walimletea kila kitu, hata habari za nyumbani. Alichapa bila kutazama vidole, huku anacheka na wateja.

Mume wake, Yannick, alikwenda Goma kabla ya Noeli kumzika mama yake. Hakuwahi kurudi. Mwezi wa kwanza mji ukaanguka mikononi mwa waasi, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na waliokuwa ndani wakabaki ndani. Lubumbashi haikusikia risasi hata moja, lakini kitu kilibadilika. Mtu akisikika anaongea kama wa Kivu, kule Goma na Butembo, aliulizwa ametoka wapi na yuko upande wa nani. Kyakimwa akajifunza kununua unga wa bukari, ule wa ugali, kwa maneno machache.

Mchana mmoja aliingia Papa Mbusa, mzee aliyeuza maharage ya jumla na aliyekuwa kama msemaji wa Wanande wa mtaa ule. Siku chache kabla alikuwa amemwomba Kyakimwa achape tangazo la misa ya kuwaombea waliokufa Goma. Leo hakuketi.

"Ile tangazo, ulishaitoa ku karatasi?"

"Bado, Papa Mbusa. Courant ya umeme njo imerudi leo."

"Uliionyesha muntu?"

"Hapana. Iko tu mu machine."

Mbusa alishusha sauti. "Jana baliniita. Bantu wenye sijue kazi yao. Balinisomea maneno yote ya tangazo, moja moja. Hata yale maneno nilikuambia ufute, njo yale balianzia kuniuliza."

Alitoka, akamwacha Kyakimwa amesimama na mikono yake hewani juu ya vibonye.

Alifunga mlango. Akafungua ule ukurasa ambao kompyuta huonyesha kazi zote inazozifanya kimyakimya, ambazo mtumiaji hazioni. Mengi ya majina yale aliyajua, kwa kuwa Jeannot, fundi wake wa siku zote, alimfundisha kuzima programu zinazokwama. Jina moja lilikuwa geni.

Alitafuta habari zake kwenye simu. Lilikuwa jina la programu halali, ya kampuni ya ng'ambo, ambayo mafundi huitumia kumsaidia mteja aliye mbali. Aliogopa kwamba labda mtu ameiga jina, kwa hiyo akalisoma herufi kwa herufi. Lilikuwa sawa. Akatazama faili lenyewe liko wapi: lilikaa mahali programu za kawaida hukaa, si kwenye pembe ya kujificha. Akatazama sahihi ya mtengenezaji: ilikuwepo, na ilikuwa nzima. Antivirusi haikuona ubaya wowote. Kila alichouliza alijibiwa vizuri. Programu ilikuwa salama kabisa. Tatizo ni kwamba yeye hakuiweka, iliwaka yenyewe kila kompyuta ilipowaka, na hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliye upande wa pili.

Alimpigia Jeannot.

"Ah, Yaya Kyakimwa, dada yangu, ile iko ya imprimante," Jeannot alisema haraka. "Usiiguse, itakuharibia kazi."

Kyakimwa alizima imprimante, akaichomoa. Jina liliendelea kuwepo. Sasa akazima kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa dirishani, akaketi, akaanza kufikiria afanye nini.

Hakuwa amemaliza kufikiria simu ilipolia. Ilikuwa Jeannot.

"Yaya, connexion yako imekatika?"

Kyakimwa alitazama kisanduku kilichozimwa. Ni mtu anayeitazama kompyuta ile kwa mbali tu angeweza kujua hivyo.

"Umejuaje, Jeannot?"

"Minakuya," alisema.

Alikuja na shati limelowa mvua. Kyakimwa alimjua tangu alipofika Lubumbashi. Ni Jeannot aliyempa mtoto wao wa kwanza zawadi ya ubatizo. Sasa alisimama karibu na fotokopi bila kujua aweke wapi macho.

"Bantu ba serikali balinikamata mu wiki ile Goma ilianguka," alisema. "Baliniambia, weye njo unatengenezaka machine ya bale ba Kivu. Ama unatufungulia mulango, ama unabakia huku mu gereza. Muke wangu Glodie iko na mimba, yaya. Ningefanya nini?"

"Nikiitoa leo?"

"Watajua leo leo. Watakuya kuniuliza miye kwanza. Kisha weye: iko unaficha nini?"

Kyakimwa alitaka kumpiga. Alitaka pia kumpa kitambaa ajifute. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akawasha tena kile kisanduku cha dirishani, na wote wawili wakatazama taa yake mpaka ikawa ya kijani.

Tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayebadilisha nguo mbele ya dirisha lisilo na pazia. Aliandikiana na Yannick kwa kompyuta ile ile, kwa kuwa simu yake nayo aliitengeneza Jeannot, na hakujua tena aamini chombo gani. Angemweleza mumewe? Kule Goma watu walisimamishwa barabarani, simu zao zikafunguliwa na kusomwa na waasi. Neno lolote la kweli lingemfikia Yannick likiwa limepita mikono miwili mibaya. Kwa hiyo alimwandikia: watoto wazima, mvua ni nyingi, tuko sawa. Yannick akajibu siku moja: "Unaniandikia kama mgeni. Nimekukosea nini?" Aliisoma mara nyingi. Akajibu kwamba kazi ni nyingi.

Lililobaki ni wateja wake. Alimfuata Papa Mbusa sokoni, katikati ya kelele za vinu vya kusaga mahindi, akamwambia karibu na sikio.

"Ambia bantu betu basikuye tena kwangu. Wasilete karatasi, wasilete habari."

"Nibaambie ju ya nini?"

"Usiseme sababu. Ukisema sababu, muntu moja itaongea, na kijana moja itakufa."

Mbusa alielewa uzito wake. "Unajua bantu batafikiri nini juu yako?"

"Najua."

Kwa kweli hakujua. Alidhani atasemwa kidogo, kisha yataisha. Wiki iliyofuata alipoingia kanisani, wanawake aliozoea kuketi nao walisogea, si kumpisha, bali kumwachia nafasi pande zote mbili. Agnès, aliyekuwa akimsukia nywele, alisema hana muda. Mwanawe mkubwa alirudi kutoka shule na neno la Kifaransa la mpelelezi, akauliza, "Mama, espion ni nani?" Misa ya wafu wa Goma ilisaliwa nyumbani kwa mtu, na yeye hakualikwa. Papa Mbusa peke yake ndiye aliyekuwa akimwitikia barabarani, tena kwa kuinamisha kichwa tu.

Mvua zilipoanza kupungua, Jeannot alitoweka. Glodie alisema amevuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi, akasema huku akifunga mlango. Kyakimwa hakujua aamini au asiamini. Alisubiri kidogo, kisha akafanya kile alichokiota kila siku: alikata intaneti, akaiondoa ile programu, akabadilisha maneno yote ya siri. Asubuhi iliyofuata alimwandikia Yannick ukurasa mzima, bila kusema lolote la hatari, lakini kwa sauti yake mwenyewe. Alilia alipokuwa akiandika.

Kabla ya juma kuisha, aliingia mwanamume mwenye adabu, mwenye koti jepesi, akaomba fotokopi ya kitambulisho. Alipoipata hakuondoka.

"Jeannot njo alikuwa anakusaidia na machine, maman?"

"Ndiyo, papa."

"Hayuko tena. Sasa shiye tutakusaidia."

Alizunguka meza, akaketi kwenye kiti cha Kyakimwa, akachomeka kitu kidogo pembeni mwa kompyuta. Hakuficha. Alisubiri mpaka kazi ikamalizika, akasimama, akasema merci, akamtakia siku njema.

Kyakimwa hakufunga duka. Mlango uliofungwa ungeuliza maswali, na watoto walihitaji kula. Bado yuko pale Kamalondo, na Yannick bado yuko Goma. Juzi alikuwa akichapa kazi ya mwanafunzi mmoja wa sheria, binti aitwaye Princesse, aliyekaa kando yake akimsomea. Katikati ya sentensi, mshale kwenye kioo cha kompyuta ukasogea wenyewe, polepole, ukapanda hadi kwenye pembe na kusimama.

"Maman, uliona?" Princesse akauliza.

"Ni souris," Kyakimwa alisema, akigonga kipanya mezani. "Imechoka. Endelea kusoma."

Na yule binti akaendelea kusoma.